Fundi wa Bomba Anameza Kidonge

Miaka ishirini na saba nafungua mabomba ya Bukavu,
toka Nguba hadi vichochoro vya Kadutu
ambako maji hupanda kilima yakitweta kama mimi.
Nimekata chuma cha zamani, nikatia kidole:
ganda la chokaa, kutu, na katikati
kitundu kisichopitisha hata kalamu ya mtoto.
Kwa nje bomba lilikuwa zima. Limepakwa rangi.

Sasa nina hamsini na mbili.
Shemeji Zihindula kaniletea chupa toka Nyawera,
vidonge mia, laini, rangi ya samli.
"Kimoja asubuhi, mishipa inarudi ujana."
Nikalipa ujira wa siku nne.

Nameza.
Nameza na chai ya vijiko vinne vya sukari,
kisha natafuna ndizi za kukaanga
katika mafuta yaliyochemka jana, na juzi,
na sambaza waliokauka kwa chumvi.
Nabintu ananitazama, anakaza kitenge kiunoni.
"Ukiitwa kwa bomba lililoziba,
unamwagia unga wa rangi, unasali, unadai pesa?"

Sikumjibu. Nilitafuta viatu.

Pale zahanati muuguzi Cibalonza
alinifunga mkono, akapuliza, akanyamaza mno.
"Kumi na saba juu ya kumi."
Akaigeuza chupa yangu, akasoma hadi kitakoni.
"Hivi havina ubaya, baba. Wala kazi havina,
ila mkojo wako una rangi ya kitajiri."
Akanipa kingine, cheupe, kidogo, cha bei ya maandazi,
cha kila siku, hata siku nikijiona mzima.
Chumvi nipunguze. Mafuta pia.
"Na utembee. Panda ngazi."

Ngazi!
Kumwambia hivyo mtu wa Kadutu!
Nilicheka mpaka nikashika ukuta,
na nilipoushika ukuta, sikucheka tena.

Leo chupa inatunza washa za mpira, za nusu inchi.
Vidonge vilivyobaki nimevifunga kwenye karatasi,
nikavificha juu ya kabati. Sijavitupa.
Woga nao ni mpangaji, hahami kwa siku moja.

Jioni napanda pole, nikihesabu.
Ngazi ya sitini na nne nasimama,
vidole viwili juu ya kifundo cha mkono,
kama tufanyavyo usiku wa manane mtaani kwetu,
sikio kwenye chuma baridi,
ndoo zimepangwa, hakuna anayesema,
tukisikiliza kama yamekuja.