Saa Iliyochapwa Kinyume

Mezani jikoni nimetandika gazeti la Jumapili,
juu yake kipande cha linoleamu, kijivu kama ulimi wa ng'ombe,
patasi tatu, rola, kopo la wino mweusi,
na kijiko cha mbao ambacho Idwal alikorogea uji.

Miaka thelathini na minne nilitengeneza meno ya bandia.
Nusu ya Welisi ya kati inatafuna kwa jasho langu.
Kuchonga? Nikajiuliza, nitafundishwa nini mimi?
Naijua kalibu: penye shimo patatokea jino,
penye jino patatokea shimo.

Linoleamu ilinicheka.
Ikipoa huwa ngumu kama mkate wa juzi.
Patasi iliteleza, ikanila kidole cha shahada.
Plasta mbili.
Nikailaza juu ya chupa ya maji ya moto,
nikaiatamia kama kuku,
ikalainika, ikakubali.

Kitabu cha maktaba kilisema: unachokiondoa
ndicho kitakachokuwa nuru.
Nilikaa na sentensi hiyo siku mbili.

Nilichonga mnara wa saa ulio njia panda ya mji wetu,
mawe yake, kunguru wake mmoja,
mvua (mvua ni rahisi, mistari tu),
na mishale nikaiweka kwa makusudi
saa tisa kasoro dakika ishirini.
Sikumwambia mtu kwa nini.

Usiku ule Heulwen, muuguzi wa zamu,
aliendesha gari maili kumi na tisa za mlima na barafu
ili nisibaki peke yangu na zile pumzi za kuhesabika.
Saa tisa kasoro dakika ishirini alifungua dirisha.
Hakusema neno. Akaenda kuchemsha maji.

Basi nikapaka wino, rola ikilia kama siagi kikaangoni,
nikasugua kwa mgongo wa kijiko, taratibu,
nikainua karatasi kwa pembe yake:
mnara. Kunguru. Mvua.
Na saa yenyewe: saa tatu na dakika ishirini.

Mjinga mimi. Mtu wa kalibu maisha yote,
nimesahau kwamba kushoto huzaa kulia.

Nilikuwa nimeshaishika ile linoleamu niitupe
nilipoikumbuka saa tatu na dakika ishirini
ya usiku uleule.
Idwal alikuwa amekataa dawa, ameomba chenza,
analila kipande kwa kipande,
anaigombeza redio kwa kulitamka vibaya
jina la kijiji alikozaliwa.
Maganda yalitapakaa juu ya shuka, nami nilimkaripia.
Tulikuwa bado na saa tano na ushei.

Nikachapa arobaini.
Zikaning'inia kwa vibanio vya nguo toka jikoni hadi bafuni.
Moja paka aliikanyaga ikiwa mbichi,
na hiyo ndiyo iliyonunuliwa kwanza.

Jumatano sokoni, kati ya muuza jibini na muuza soksi,
niliweka kibao: PAUNI KUMI. ZOTE KWA WAUGUZI WA USIKU.
Upepo ulitaka kuzichukua zote bila kulipa.
Akaja Tegid wa duka la baiskeli,
akautazama mnara, akaitazama karatasi,
akarudia tena.
"Nerys, saa yako imekosea."
"Najua."
"Na bado utaniuzia bei hiyohiyo?"
"Kwako wewe, kumi na mbili."
Akanung'unika, akalipa, akachukua mbili.

Jioni nikamwaga kopo mezani:
pauni mia tatu sitini na nne, na kifungo cha koti.
Ni mafuta ya safari ngapi, sijui.
Barabara ile ya mlimani ina kiu.

Wino umebaki chini ya kucha.
Nimeusugua kwa limau, kwa chumvi, kwa mafuta ya taa,
sasa nimeuacha ukae.
Kesho nitajaribu chenza.
Angalau chenza halina kushoto.