Makubadhi Dakani

Kila dakika nne programu yangu yapiga hodi
mlango wa nyuma wa mfumo, wenyewe wauita ei-pi-ai.
Yabeba tokeni, herufi arubaini zisizotamkika,
na neno moja ndani: yupo.
Jibu larudi: mia mbili. Maana yake, sawa, tumesikia.
Na kule ofisini, mji ambao sijaukanyaga,
nukta iliyo kando ya jina Mwanasiti Famau
yabaki kijani kama kunazi bichi.

Niliiandika usiku mmoja, Langoni, mistari kumi na tisa,
feni ikizunguka kwa kusitasita,
baada ya meneja kunambia:
"Jana ulikuwa kijivu dakika kumi na moja."
Nilikuwa nimepanda juu kuanua nguo.
Mvua haikutoa taarifa.

Sasa siogopi mvua.
Naswali adhuhuri bila haraka, nateremka kununua ndimu,
nabishana bei hadi muuzaji achoke,
na huko nipo, nipo, nipo,
mara kumi na tano kwa saa,
mtumishi asiyepepesa hata kope.

Alhamisi moja tokeni ikafa.
Tokeni haziugui; zina tarehe.
Hodi ikajibiwa mia nne na moja: hatukujui.
Nami nimekaa palepale, vidole juu ya herufi,
namjibu mteja aliyesahau nywila,
meneja akaniandikia: "Uko wapi?"
Nikaandika: nipo.
"Mfumo unasema hupo."
Niliutazama mkono wangu kwa kitambo.

Nikashuka kunywa maji.
Mama alikuwa dakani, amechutama,
akifuta vumbi makubadhi ya baba.
Kila asubuhi huyafuta. Kila jioni huyageuza:
leo ncha zaelekea ndani, kesho nje,
moja limelilalia jingine kidogo
kama ya mtu aliyeingia na njaa.
Nimeyapita miaka kumi na mitatu
nikidhani ni usafi.

Baba alikwenda Salala nikiwa darasa la nne.
Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa,
wa pili, kila Idi.
Wa tatu tukabadilisha laini.

"Mama, haya ya nini?"
Hakuinua uso.
"Mato ya watu, mwanangu. Nyumba ya wanawake wawili
hupigwa hodi na kila asiye na kazi."
Akakung'uta soli. "Kuna mwaka punda alikanyaga moja,
likakaa kwa fundi siku tatu.
Siku ya pili tu, Bwana Madi huyo,
yuwauliza kama twauza nyumba."

Nilicheka hadi nikakaa kwenye jiwe la daka.
Yeye hakucheka. Alikuwa akitafuta pembe:
alirudi hatua mbili, akatazama,
akalisogeza la kushoto upana wa kidole.
Hakuna aliyemfundisha
kuwa mtu wa kweli huvua viatu ovyo.
Programu yangu haikujua hilo.
Yapiga hodi kila dakika nne kamili,
na mwenye akili angeshaona
hakuna kiumbe anayekuwapo hivyo.

Nikapanda. Nikaomba tokeni mpya.
Nikaongeza mstari wa ishirini:
kosea kidogo, mara tatu, mara sita,
na alasiri moja kwa wiki, ghafla, uwe kijivu
kwa muda wa kuanua nguo.

Ikajibu mia mbili.

Lakini kitini sikurudi.
Nilishuka peku, nikamwambia Mama naenda Mkomani, nitachelewa.
Akaitazama miguu yangu,
akavitazama viatu vyangu vya plastiki kando ya makubadhi.
Akavisogeza karibu, kimoja juu ya kingine.
Hakusema kitu.
Ukuta wa kichochoro ulikuwa bado na joto,
na mchanga, sijui tangu lini sijaukanyaga,
ukaniingia katikati ya vidole.