Huduma ya Msingi

Fomu iliyokuja na meli ya Apia
ina mstari mmoja tu wa choo:
*Kaya hii inapata huduma ya msingi?*
Ndiyo. Hapana. Weka alama moja.

Nimeketi kwa Lagimaina, kalamu mkononi.
Aliniogesha nikiwa mchanga,
hata hivyo swali namsomea lote, kama tulivyofundishwa.
"Msingi?" Anacheka. "Njoo uuone."

Nyuma ya nyumba, kati ya tangi la mvua na banda la nguruwe,
bakuli jeupe la choo limekaa mchangani
likitazama bahari. Mwezi wa tisa sasa.
Bomba halijafika. Saruji ilifika imelowa,
ikawa jiwe ndani ya mfuko.
Kuku ametamia humo.
"Huyo," asema, "keshapata huduma."

Falaniko, mwanawe, alijaribu shimo:
magotini matumbawe,
kiunoni maji.
Kisiwa chetu chembamba; ukipiga chafya bahari ya nje,
wa bahari ya ndani anakuombea afya.
Unachozika hapa hakikai ulipokizika.

Zamani kilikuwapo kibanda juu ya maji
na ubao mmoja wa kupitia.
Samaki walijikusanya wakisikia nyayo.
Watoto saba aliwavusha ubao ule, usiku, mkono kwa mkono.
Wazee walipitisha kibomolewe, na kilistahili:
yule wa tano, Tealofi, hakufa kwa homa
kama tulivyosema kanisani.
Aliharisha siku tatu,
na meli ilikuwa bado siku nane.

Siku hizi, alfajiri, huenda kwa jirani
na mwavuli, hata kukiwa kukavu,
kauinamisha upande wa njia.
Haja ni haja, twasema.
Lakini ipo haja ya mwili,
na ipo ya kurudi bila kuulizwa umetoka wapi.

"Andika ndiyo," asema, "wasituone ombaomba."
"Andika hapana!" Falaniko, juu ya paa. "Walete saruji!"

Kuku akainuka, akageuza mayai kwa mdomo, akaketi tena.
Visanduku vyote viwili nikaviacha.
Pembeni, mahali pasiporuhusiwa wino,
nikaandika: *mayai manne.*

Kisha, maana nami nilibanwa tangu asubuhi,
nikamwomba Lagimaina
mwavuli.