Daftari la Bohari

Ukurasa wa kwanza niliuandika kwa wino wa buluu:
glavu, jozi elfu sita. Pamba, marobota arobaini.
Chujio za figo, maboksi mia mbili na kumi.
Mwaka ule pipa lilikuwa na bei ya kutamkwa kwa madaha,
na redio ya Cabimas iliitaja kila saa
kana kwamba inatangaza mtoto aliyezaliwa.

Tukajengewa lango la marumaru.
Tukajengewa wodi ya moyo, ikabandikwa kibao cha shaba,
utepe ukakatwa kwa mkasi wetu wa chumba cha upasuaji,
nao mkasi haukurudi. Nimeuandika.
Ndani ya wodi ile hadi leo hakuna mlango, hakuna soketi.
Kuna njiwa.

Penye miti, walisema, hapana wajenzi.
Hapa wajenzi walikuwepo: walijenga lango.

Bei ikashuka. Wakubwa wakasema, mnaiona hali, fedha hakuna.
Bei ikapanda. Wakasema, subirini,
tunalipa deni la siku zile iliposhuka.
Mimi si mchumi, mimi ni Nervis wa bohari,
najua kinachoingia na kinachotoka,
na kwenye shelfu zangu
bei ya pipa ilishuka mara zote mbili.

Eudomario Perozo huja Jumatatu na Alhamisi.
Miaka thelathini na mmoja alichimba ziwani,
juu ya vyuma vilivyosimama majini kama korongo wenye njaa.
Viganja vyake bado vina weusi
ambao sabuni imeunyooshea mikono.
Sasa figo zake zimegoma
(ndivyo asemavyo, zimegoma, kama wenzake wa chama enzi zile),
naye huja na ndoo yake ya maji, sindano zake,
plasta aliyotumiwa na mpwa wake aliyeko Kolombia.
Akishalala huhesabu kwa sauti:
"Zamu moja, mapipa mia nane.
Pipa moja ni chujio ngapi, Nervis?"
Nami hujifanya natafuta kalamu.

Alhamisi iliyopita, saa mbili usiku, umeme ulikatika.
Jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Fundi Yoleida akamulika tangi kwa tochi.
"Kavu. Dizeli hakuna."
Hakuna aliyecheka.

Dirishani, hatua mia nne kutoka kitandani,
pampu zilikuwa na laini yao ya umeme.
Zinainamisha kichwa, zinainua,
zinaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo,
kwa mtu tusiyemwona.

Manesi wakazungusha mashine kwa mkono,
taratibu, zamu kwa zamu,
ili damu ya mzee irudi kwake kabla haijaganda.
Upande wa Catatumbo radi zikapasua mbingu bila ngurumo,
kama zifanyavyo usiku hata usiku,
tukaonana nyuso, tukapotezana, tukaonana.
Ule ndio umeme pekee katika jimbo hili
usio na ankara wala wizara.

"Nervis," aliniita gizani,
"pipa langu la kwanza nalikumbuka.
Lilinuka kama kitu kilicho hai.
Nilidhani ni langu kidogo."

Sikuwa na jibu. Nilimshikia ndoo.

Asubuhi nikafungua daftari.
Wino wa buluu uliisha zamani, natumia penseli,
na penseli nayo naichonga kwa wembe wa wodi namba tatu.
Chujio: hakuna.
Glavu: jozi tisa, zimefuliwa.
Dizeli: hakuna.
Perozo: yupo.

Nikalitazama neno lile la mwisho.
Si bidhaa. Haliruhusiwi katika safu hii,
na mkaguzi akija atauliza.
Redioni wakataja bei. Imepanda.
Nikaushika ufutio, nikauweka chini.
Sikulifuta.