Bwana Hajulikani

Vitabu vya ubatizo viko vinane.
Majalada yameliwa na unyevu,
na cha nne kina alama ya kiatu
tangu siku ile tuliyovikimbiza hadi Muhungu,
tumevifunga mgongoni kwa vikwembe kama watoto.

Sasa Akonkwa, kijana wa Mama Nabintu wa shirika la juu,
ameleta kompyuta. Padri amesema kila jina liingie humo,
ili kilima cha Kadutu kikiporomoka tena
majina yasiporomoke nacho.
Mimi nasoma kwa miwani,
yeye anaandika bila hata kutazama vidole.

Jina la mtoto: inapokea.
Jina la mama: inapokea.
Jina la baba. Nikanyamaza,
kwa kuwa ukurasa nao umenyamaza.
Mashine ikawaka nyekundu.
Akaweka mstari, ikakataa.
Akaweka nukta, ikasema jina ni fupi mno.
"Basi, Mama Sekretari, tuandike Hajulikani."
Ikameza.

Alhamisi, baada ya misa ya asubuhi,
akabonyeza mahali ili ijumlishe.
Ikatuambia bila haya:
baba mwenye watoto wengi kuliko wote parokiani
ni Bwana Hajulikani.
Arobaini na mmoja.

Akonkwa alicheka. Ana miaka ishirini na miwili, acha acheke.
Nami nilicheka, kidogo,
kisha nikaomba anionyeshe orodha,
nikashuka nayo kwa kidole
hadi wa kumi na tisa.

Wa kumi na tisa anakula ugali kwangu.
Ana mwanya, anachukia maharagwe,
kwaya imempa sauti ya pili na kila Dominika anaikosa.
Nafasi ile sikuiacha wazi kwa kusahau.

Nikafungua kitabu cha nne.
Ukingoni, pale tunapoandika ndoa na mazishi,
marehemu Zihindula, katekista,
aliandika kwa penseli neno ambalo hakutumwa na yeyote:
Mvua kubwa. Mama alikuja peke yake, kwa miguu.
Maji yalipomgusa, mtoto alicheka.

Miaka kumi na mmoja natunza ufunguo wa kabati lile.
Sikujua.

"Na hii tuiweke wapi?"
Akonkwa akatafuta juu, akatafuta chini.
Hapakuwa na mahali pa mvua.
Hapakuwa na mahali pa kucheka.
Akakuna shingo, mtoto wa watu,
akasema nafasi mpya anaweza kuifungua,
ila lazima kwanza aiambie mashine
itabeba herufi ngapi.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tatu,
batri imebaki kidogo.
Nikafuta miwani kwa upindo wa kikwembe,
nikaweka kidole kwenye penseli ya Zihindula,
nikaanza kuhesabu:
M. V. U. A.