Mizani ya Eliufoo

Sikuwahi kumwona. Alizikwa Kibosho
mwaka niliozaliwa, katikati ya masika,
jeneza likavushwa mfereji juu ya mbao mbili.

Nilichorithi ni kisa tu, kinywani mwa mama:
karani wa kahawa, Eliufoo Mallya,
kila asubuhi alipuliza vumbi kwenye sahani,
akamwonyesha mkulima mshale umelala kwenye sifuri,
ndipo aseme, "Haya, weka."

Siku moja akagundua mizani inakula nusu kilo.
Hakuandika barua. Alibeba daftari,
akazunguka migombani, matope hadi magotini,
mlango kwa mlango: "Nina deni lako."
Wapo waliomcheka.
Ndeonasia, mjane, alipokea senti zake,
akazihesabu mara mbili mbele yake,
kisha akamkatia mkungu.

Mimi nauza misumari, Kiboriloni.
Jioni, mteja akiinamia simu yake,
kidole gumba changu huisogelea sahani
chenyewe, kama paka aliyenusa dagaa.

Hapo napuliza.
Vumbi hakuna, nilifuta asubuhi.
Napuliza tu,
na mteja huinua macho, akaona sifuri.