Ramani ya Savsan

Mwalimu alisema: choreni bonde letu,
muanzie juu, kileleni.
Savsan akaanza na balbu.

Akaichora inaning'inia kando ya tundu la dari,
pale moshi wa samadi ya yaki unapotokea
na nyota moja kuingia.
Kisha waya, na kile kitambaa cha shangazi Nigora
kilichofungwa ulipokatika, mwaka ule wa upepo.
Kisha nguzo kumi na tisa za mpopla,
moja imeegemea ukuta wa Shodavlat
ambaye mpaka leo anadai fidia.
Kisha kibanda cha mawe,
na ndani yake mtambo, ng'ombe wa chuma
asiyekula nyasi, kazi yake kunywa,
akinguruma usiku kucha bila ndama.

Bomba likapanda mwamba. Mfereji ukafuata,
ukakata ubavu wa mlima kama mshono wa kidonda cha zamani,
ukapita miforosadi, ukapita makaburi
(wafu hatukuwahamisha, tuliwaomba radhi),
ukafika Vozdara, mto wa rangi ya maziwa yaliyoingia majivu.
Juu ya mto, barafu.
Juu ya barafu karatasi ikaisha.

Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu:
Maji hayapandi mlima. Nne kati ya tano.

Niliibandika ukutani kwa uji wa unga.

Januari mto hukonda,
uzi unaotafuta tundu la sindano.
Barafu huziba mdomo wa mfereji
na balbu yetu huwa na rangi ya aprikoti,
halafu ya kaa lililosahauliwa mekoni.
Ndipo Qadamsho huvaa buti zake zisizofanana,
huchukua mtaimbo, hutoka.
Hatumuagi. Tunaitazama balbu.
Ikichezacheza, yu njiani.
Ikikolea, amefika, amegonga, maji yamesikia.
Ikizimika
hatujawahi kulizungumza hilo.

Jana alichelewa.
Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa.
Savsan akapanda juu ya sanduku la nguo,
na pale mfereji unapoonana na mto
akatia nukta, ndogo kama mbegu ya forosadi.
"Nilimsahau baba," akasema,
akaikandamiza penseli, akaikandamiza,
hadi karatasi ikatoboka
na ncha ikagusa udongo wa ukuta, baridi.

Balbu ikakohoa mara moja.
Tukangoja ya pili.